Mgeni Asiyepaswa Kumbusu Mtoto

Nakumbuka siku moja huko Tarbaj, mwanangu, nilipokuwa kijana wa kupakia mbuzi kwenye malori, shule nimeiacha, kila kitu nataka kukijua. Nilifikia kwa shangazi yangu, Eedo Halima. Mke wa mwanawe alikuwa ametimiza arobaini ya uzazi, na kwa desturi yetu siku hiyo ndugu huja kumbusu mtoto.

Akaja binamu yetu kutoka malishoni na binti yake mdogo, Sahra. Binti akakohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, macho yakamtoka, kisha akavuta hewa kwa mlio mrefu, akatapika. Punde akarudi kucheza.

"Amemshinda punda wangu kwa mlio," baba yake akacheka. "Vumbi tu."

Eedo akamfunika mjukuu. "Huyu asimkaribie mtoto."

"Eedo, tangu lini mgeni akafukuzwa kwa kikohozi? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni ni wa Mungu," Eedo akasema. "Na huyu mchanga ni wa nani?"

Wanaume wa ukoo waliokuwapo wakamchukua mtoto, mmoja akampa Sahra, naye akambusu.

Hazikupita wiki mbili, mtoto akaanza mafua. Hakukohoa sana, ndiyo maana walipuuza. Alinyamaza tu, pumzi ikakatika, midomo ikawa ya buluu. Wanaume wale wale wakatia chuma motoni wamchome kifua, ndiyo dawa yao. Eedo akawapokonya mtoto, tukapanda lori kwenda hospitali Wajir. Alifia njiani, mikononi mwake.

Wakasema ni kudura. Kudura naiamini, mwanangu, lakini aliyempa Sahra mtoto yule ana mikono, na jina lake nalijua. Hata leo, Kotile mpaka Elwak, nasikia maneno yale yale ya vumbi, na damu inanichemka.

Basi sikiliza. Mafua yakigeuka kikohozi cha mfululizo, kinachozidi usiku, kinachoishia kwa mlio au matapishi, hicho ni kifaduro, hata kama katikati mtoto anacheza. Mchanga huenda asikohoe kabisa: tazama pumzi na midomo yake. Usichome, usingoje, kimbia hospitali. Chanjo zake zisipitwe hata moja. Na mgeni anayekohoa mkirimu chai uani, mbali na mtoto.

Mungu aijaze nyumba yako wageni, na akupe uso mkavu wa kumwambia hata ndugu yako wa damu: huyu mtoto hutambusu.