Mbegu Tulizozipima Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtafiti Mkuu alinikabidhi mizani ya kuning'iniza, daftari na penseli, akanifundisha maneno mawili. Uzalishaji, alisema, ni kila kinachotoka mikononi mwa watu. Ulaji ni kila wanachokitumia. "Ukijua mambo hayo mawili umeijua jamii." Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa binti wa Mikindani ninayejua kuandika, na niliajiriwa kwa kuwa yeye, mwanamume wa Kiingereza, hangekaribishwa jikoni mwa watu.

Tulianzia Changamwe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa bandari. Kaya, kwa taratibu zetu, ilikuwa wale wanaokula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe. Nilipima unga kabla haujapikwa, nikaandika nani kapakuliwa kwanza na nani kakwangua sufuria. Kisha tukahamia Likoni.

Huko nilipangiwa nyumba ya Bi Mwanakombo, mjane mkulima aliyelea wajukuu watatu. Siku tatu mfululizo nilikuta unga wa sima wa kutosha, nikapima, nikaandika. Siku ya nne niliinua macho juu ya meko, pale wakulima wanapotundika mahindi ya mbegu yapate moshi yasibunguliwe. Palining'inia kamba tupu, na masika yalikuwa yamekaribia.

"Bi Mwanakombo, mbegu zi wapi?"

"Si mumezipima," akajibu, huku akipepeta.

Nikamuuliza kwa nini amezisaga.

"Mwanangu, mgeni aje na mizani anikute sina cha kupima? Uso wangu ningeuweka wapi?"

Nilirudi kwa Mtafiti Mkuu nikamweleza. Akaniambia niandike kama kawaida, kilichozalishwa huku, kilicholiwa kule.

"Na mbegu, bwana, niiandike wapi?"

"Sisi ndio tulioila," akasema. Akataka kupeleka gunia la mahindi siku ileile. Nikamkatalia, mara ya kwanza kumkatalia mkubwa wangu. Gunia lile lingemwaibisha mama yule mbele ya mtaa mzima.

Nikaenda kwetu, nikamwomba mama mashada ya mbegu, nikampelekea Bi Mwanakombo.

"Mama ameniagiza nikuombe umpandie haya, mgawane mavuno. Yeye hana shamba."

Akanitazama. "Mamako ana shamba Mikindani. Nalijua." Kisha akayapokea, akayatundika. "Mwambie nusu yake itafika, inshallah."

Ilifika. Baada ya mavuno alivuka feri mwenyewe na kikapu kichwani, mpaka mlangoni kwa mama.

Daftari langu lilipigwa chapa kama lilivyokuwa. Kwenye ripoti, nyumba ile iliandikwa kuwa inakula vizuri. Niliusoma mstari ule mara tatu, nisiamini kuwa mkono uliouandika ulikuwa wangu.

Uhuru ulipokuja niliendelea chini ya wakubwa wengine, Kisauni hadi Port Reitz, kwa sharti langu moja: wiki ya kwanza hatupimi kitu. Tunakaa na wenyeji, tunamenya muhogo, tunasikiliza. Wakubwa walinung'unika, lakini walinikubalia.

Sasa nimestaafu. Vijana wa chuo huja kuniuliza kuhusu kazi ile, nami huwaeleza yote haya. Wasichoniuliza ndicho kinachoninyima raha: kabla ya siku ile tulishapita nyumba nyingi, na katika hizo zote sikuwahi kuinua macho.