Mifupa ya Stergios

Kwa miaka thelathini na moja Evanthia alilifuta sanduku la mifupa ya Mtakatifu Grigorio Palamas, askofu wetu mkuu hapa Thesaloniki, aliyekufa zamani za wafalme wa Bizanti na ambaye hadi leo watu hupanga foleni kumbusu. Mimi niliuza mishumaa mle kanisani, hatua chache kutoka kwake. Alikuwa mkaidi kupindukia, na hakuacha alama hata ya kidole kwenye kioo cha sanduku lile.

Mumewe Stergios, fundi viatu, hakuwa mtu wa kanisani. Akija kumchukua jioni alisema kwa sauti ili nisikie:

"Domna, hebu tuamulie. Huyu askofu amekufa miaka mia sita, bado anafutwa kila siku. Mimi mzima, na shati langu halijaona pasi tangu Jumatatu."

"Kufa basi," Evanthia alimjibu, "nami nitakufuta."

Ulimi hauna mfupa. Stergios akafa kweli mwaka ule ule, na maneno yale yakawa deni moyoni mwa mkewe.

Makaburi ya mjini kwetu ni ya kuazima. Baada ya miaka mitatu hufukuliwa, jamaa wakaja wakaosha mifupa kwa divai na kuiweka katika kisanduku chenye jina. Asiye na mtu, yake humwagwa shimoni pamoja na ya wengine. Evanthia alishashona kitambaa cheupe, na divai alishaiweka tayari.

Barua ya makaburini, kwamba zamu ya Stergios kufukuliwa imefika, ilikuja wakati wa Kwaresima, siku tano kabla ya Jumapili ya Grigorio, mifupa yake inapotembezwa mjini.

"Nenda leo, dada," nilimwambia. "Mtakatifu hakimbii."

"Jumapili ikipita. Nani atalisugua sanduku, wewe na hiyo mikono yako ya nta? Grigorio mwenyewe ataniangalizia mzee wangu."

Nikacheka. Kicheko kile sijajisamehe mpaka leo.

Jumatatu alikwenda na chupa yake. Alikuta kaburi tupu, limeshasawazishwa kwa ajili ya mwingine. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Iliandikwa chini kabisa ya barua, naye hakufika huko kusoma. Mchimbaji akamwonyesha shimo. Akaimimina divai yote humo, juu ya wote, kwa kuwa hakujua yupi ni wake.

Jumanne alirudi kazini. Hakulia mbele yangu. Wiki ya Pasaka mwanamke mmoja mgeni, mwenye vumbi la safari miguuni, alisimama mbele ya sanduku akamwuliza:

"Mama, mifupa hii ni ya nani?"

Evanthia hakuacha kufuta. "Ya Stergios," alisema. "Mume wangu."

Mgeni akafanya ishara ya msalaba, akainama, akabusu. Nilikuwa pale pale nimeshika mishumaa, na sikumsahihisha mtu.