Kurasa Tupu za Daftari la Mwezi

Mjukuu wangu aliponiomba daftari langu la mwezi, nilimuuliza kwanza nani atalishika. "Mimi, babu. Nitalipiga picha tu, kisha kompyuta ilisome." Nikasema hapana. Daftari lile lina ushahidi wa watu, wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, na kompyuta yake sikuijua kwa sura wala kwa tabia.

Kazi ya daftari nilikabidhiwa nikiwa kijana, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Bukoba nilikolelewa. Kila jioni ya ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, jua likishazama, tunasimama watu wachache kwenye mteremko wa mtaa wetu wa Gatsata, juu ya barabara, tukitazama magharibi. Anayeuona mwezi mwandamo anakuja kwangu. Namuuliza ameuona upande gani, pembe zake zimeelekea wapi, nani alikuwa naye. Nikiridhika, naandika. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Imenizoesha kutomwamini mtu haraka, na kutomdharau pia.

Mjukuu wangu anasoma fizikia na elimu ya nyota chuo kikuu. Kwa utafiti wake wa mwisho alikuwa akitengeneza modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano: unaipa umri wa mwezi, kimo chake juu ya upeo wa macho na umbali wake na jua, nayo inasema kama macho ya mtu yangeuona au yasingeuona. Ili ijifunze, ilihitaji jioni nyingi ambazo jibu lake linajulikana. Jioni hizo alikuwa nazo babu yake.

"Bila daftari sina utafiti," alisema, "na bila utafiti simalizi mwaka huu."

Nikakubali kwa sharti moja: daftari liende nami, lirudi nami.

Ndivyo nilivyojikuta kila Jumamosi asubuhi nikipanda pikipiki kwenda mtaa wa Kacyiru, kwenye kozi ya takwimu waliyokuwa wakifundishwa yeye na wenzake.

"Muzee, vaa kasike," dereva aliniambia siku ya kwanza, akinipa kofia ngumu. "Unaenda ofisi gani Jumamosi?"

"Naenda shule."

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Basi shika vizuri. Muzee iko nachelewa, mwalimu atachapa!"

Mwalimu alikuwa mama wa makamo asiyepaza sauti, na ndiye aliyemsimamia mjukuu wangu. Aliniwekea kiti nyuma. Nilikaa na begi magotini, nikisikiliza, na kusema kweli mengi niliyafurahia. Nilijifunza kwamba sampuli ni kama mashahidi, na swali la kwanza ni lile lile ninalouliza mimi: umewapata vipi? Nilijifunza kwamba mifano hugawanywa mafungu mawili, moja la kuifundishia modeli na jingine la kuipimia, na modeli haitakiwi kuliona fungu la mtihani kabla ya siku yake. Nikaona hawa watu wana uchaji wa aina fulani.

Lakini modeli yenyewe sikuiamini. Kitu ambacho hakijawahi kusimama mlimani na shingo ikauma, kinaniambiaje mwezi ungeonekana?

"Inajua kwamba kile kilima cha magharibi kinaumeza mwezi kabla haujafika upeo?" nilimuuliza mjukuu.

"Niliiambia, babu."

"Na vumbi la kiangazi?"

"Hilo haijui. Nimeliandika kwenye mapungufu."

"Na mtu mwenye macho mabovu?"

Kijana mmoja darasani akageuka. "Mzee, kompyuta siyo mshitakiwa!"

"Bado," nikamjibu. Walicheka wote, hata mwalimu.

Jumamosi ya mwisho modeli ilifanya mtihani wake. Alhamisi iliyofuata mjukuu wangu angesimama mbele ya walimu kuutetea utafiti. Majibu yakatokea ukutani: modeli ilikuwa imepatia karibu kila jioni. Wenzake wakapiga makofi. Yeye alijifunika uso kwa furaha.

Mimi mikono ilibaki juu ya begi. Nimefundisha madrasa miaka mingi, na kila mara wanafunzi wangu wote walipofaulu, sikuwasifu kwanza. Nilirudi kuyasoma maswali yangu.

"Nionyeshe maswali," nikamwambia.

Akafungua jedwali. Jioni za "ulionekana" nilizitambua, zilikuwa za daftari langu. Jioni za "haukuonekana" zote zilikuwa za tarehe ishirini na nane.

"Ishirini na nane mwezi unazama kabla ya jua," nilisema. "Nani hutoka kuutazama?"

"Nilihitaji mifano ya 'hapana', babu, na daftari lako lina 'ndiyo' tu. Hizi nimezipata kwa hesabu."

"Na kurasa zenye tarehe bila maneno?"

"Zile hazikujazwa. Nilijua hamkutoka siku hizo. Nilizifuta."

Nilifunga begi langu. Niliibeba siri ile mpaka Gatsata, nikala nayo, nikaswali nayo. Hakuna mtu mwingine aliyejua maana ya kurasa zile. Wazee niliosimama nao hawapo, na walimu wake wasingeuliza. Nikinyamaza, angemaliza masomo. Nikisema, ningemvunja siku nne kabla ya Alhamisi. Niliishuku modeli wiki zote zile, na sasa nilikuwa najishuku mwenyewe, kwamba naweza kuuficha ushahidi kwa sababu ya mapenzi.

Asubuhi, baada ya alfajiri, nilimmiminia chai ndipo nikamwambia. Kurasa zile hazikusahauliwa. Tulitoka, tukatazama mpaka giza likaingia, hakuna aliyeuona. Sisi tulishika adabu moja: anaandikiwa aliyeona. Asiyeona hana ushahidi, basi ukurasa wake unabaki na tarehe peke yake.

"Babu, umeniua."

"Nakunywa chai na wewe. Hujafa."

"Kwa nini hukuandika hata neno moja? Neno moja tu!"

Kosa la kwanza lilikuwa lake, la kudhani ukurasa mtupu ni uvivu. La pili lilikuwa langu, la zamani zaidi.

Baadaye aliuliza, sauti ikiwa imeshuka, "Ngapi kati ya hizo zilikuwa na mawingu?"

"Hakuna. Pakiwa na mawingu naandika 'mawingu'. Ukurasa mtupu ni anga safi."

Akaweka kikombe chini. "Basi hizo ndizo 'hapana' za kweli. Hizo ndizo ngumu."

Alizirudisha moja moja, akaifundisha modeli upya, akaipima upya. Ile iliyokuwa ikijua kila kitu sasa ilikosea mara nyingi, na kwenye jioni za mwezi mwembamba ilisitasita, mara iseme pengine ndiyo, mara pengine la. Nikaanza kuipenda kidogo. Mwalimu wake aliposikia, alimwambia asifiche chochote, aonyeshe matokeo yote mawili, ya uongo na ya kweli, na aeleze.

Alhamisi nilikaa nyuma kama kawaida. Alieleza kila kitu bila kulitaja kosa langu. Alisema tu, "Sikumuuliza mtunza daftari." Ndipo mmoja wa walimu akanyoosha kidole kwenye mchoro, kwenye nukta iliyokaa peke yake. Daftari lilisema mwezi ulionekana, modeli ilisema haiwezekani kabisa.

"Hii ni nini?"

Mjukuu wangu alisogea karibu na mchoro. "Ni mwezi wa Rajabu, ukurasa wa kwanza wa daftari. Shahidi ni mmoja." Akanitazama. "Yupo hapa. Anaweza kuulizwa."

Nilisimama. Maswali ninayowauliza wengine yalinijia yote kwa pamoja. Upande gani? Pembe zilielekea wapi? Nani alikuwa nawe? Nilijua majibu niliyoyaandika. Sikujua tena kama yalikuwa ya macho.

"Nilikuwa kijana," nilisema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa kazi, na nilitamani sana kuuona. Sikusema uongo. Lakini leo nisingemwandikia mtu aliyekuja kwangu vile."

Yule mwalimu akamgeukia mjukuu wangu. "Utaiondoa?"

"Hapana," alisema. "Itabaki, na shaka yake pembeni, kama ushahidi mwingine wote. Nitawapa mashahidi wote kipimo cha shaka."

Walitutoa nje, kisha wakamwita tena. Walimpitisha, kwa sharti la kuiongeza kazi ile ya kipimo cha shaka aliyoitaja mwenyewe. Alhamdulillahi.

Barabarani tulisimamisha pikipiki mbili. Kabla sijapanda, nilitoa daftari kwenye begi langu nikampa alibebe yeye. Alilitia kwenye begi lake akiniangalia kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Sikumuuliza kama amefunga zipu vizuri.

Nilimuuliza mara moja tu, pikipiki zetu ziliposimama sambamba kwenye taa za barabarani.