Nilifelishwa na Mila Niliyoitunga Jikoni kwa Bibi

Nimefukuzwa chuo kwa kushindwa kujibu swali kuhusu kitu nilichokitunga mwenyewe.

Rudia kusoma hapo. Mimi mwenyewe. Jikoni kwa bibi yangu, mdomo umejaa maharage.

Naitwa Ognyan. Washkaji wa Sofia, mji mkuu wetu huku Bulgaria, wananiita Ogi. Nilikuwa nasoma lugha na fasihi za Kislavoni.

Msioijua kozi hiyo, hamjakosa kitu. Unakaa miaka minne unajifunza kwamba Mcheki, Mpolandi na Mserbia wanaita mkate vilevile unavyouita wewe, ila kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyeanza.

Mkuu wetu alikuwa Profesa Karastoeva. Mama wa shali tatu kwa mpigo na dharau isiyo na kipimo. Nyuma yake alitembea msaidizi wake, Metodi, jitu zima la miaka arobaini linalobeba mkoba wa bosi wake na kucheka kabla kichekesho hakijaisha.

Kila kiangazi mama huyu alikuwa anatutawanya vijijini na rekoda. Tuwasake vikongwe, tunase mila za kale kabla hawajafa nazo. Kila mtu alichagua kijiji cha kwao, alale na kula bure.

Mimi nikaenda Kriva Livada kwa Bibi Tsona, mama yake mama.

"Bibi, nipe mila ya kale."

"Mila yangu ni saa kumi jioni," akasema, macho kwenye tamthilia ya Waturuki. "Nyamaza, huyu mwanamke anataka kumwekea mwenzake sumu."

Siku tatu nazunguka kijiji. Kila bibi, Waturuki. Mwingine alinihadithia kipindi cha mia na kumi mwanzo mwisho, na machozi juu.

Siku ya nne nikasema liwalo na liwe. Tukakaa na Bibi, tukatunga.

Nikamwambia, "Tuseme pipa la kabichi likishachachuka, Alhamisi ya kwanza, mkubwa wa nyumba anageuza koti ndani nje."

"Anaosha kizingiti kwa maji ya kabichi," akadakia.

"Kwa nini?"

"Wivu wa majirani utoke. Na unatoka kweli, kwa ile harufu nani atabaki?"

Akayasema yote kwenye rekoda, sauti ya kutetemeka kama mtu wa karne zilizopita. Nikazima. Hapo ndipo akacheka mpaka akavua meno ya bandia akayaweka mezani.

Chuoni nikajaza fomu: *Nathibitisha nimesikia haya kwa masikio yangu kutoka kwa mwenyeji.* Nikatia sahihi kwa mbwembwe. Si nilisikia kweli?

Nilitegemea watacheka. Hawakucheka.

Profesa alilia. Nakwambia alilia! Metodi naye akachimbua kwamba huko Poland kuna bibi fulani aliwahi kuosha kizingiti kwa maji ya matango ya kuchachusha. Hakuna aliyejiuliza kama labda kizingiti kilikuwa kichafu.

Wakakaa na hayo matango miaka miwili. Kikatoka kitabu. Jalada gumu, ramani tano, mishale inatoka Kriva Livada kwenda Ulaya nusu nzima. Nami nikanunua popcorn, nikae nitazame.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho.

Nilishapata mbili mara mbili, na kwetu mbili ni kufeli. Ya tatu, unafungasha. Mama yangu alishanunua gauni la mahafali.

Mtihani wetu ni wa mdomo. Vikaratasi vimefunikwa mezani, unaokota kimoja, unaongea.

Nikaokota. Namba kumi na saba.

*Tambiko la pipa la kabichi na asili yake kwa Waslavoni wote.*

Karibu nibusu kile kikaratasi. Nikaanza kutiririka: pipa, koti, kizingiti, Alhamisi...

"Ijumaa," Profesa akanikata.

"Samahani, Profesa, ni Alhamisi."

"Kitabuni ni Ijumaa. Metodi?"

"Ijumaa," Metodi akasema kwa fahari. "Kwenye rekodi bibi alikosea, tukamsahihisha. Alhamisi isingelingana na Wapolandi."

Nikachemka. "Profesa, mila hii haipo! Nimeitunga mimi, na bibi yangu!"

Profesa akavua miwani taratibu.

"Kijana, unamtukana bibi yako ili ufaulu mtihani?"

"Nampigia sasa hivi. Umsikie mwenyewe."

"Piga."

Nikaweka sauti kubwa. Simu ikaita weee.

"Bibi, ni Ogi. Niko kwenye mtihani, wako hapa maprofesa. Waambie ukweli kuhusu kabichi. Waambie tulivyotunga."

Nyuma ya Bibi nikasikia sauti za wanawake wengi, vyombo vinagongana, mtu anacheka.

"Mjukuu wangu," akasema kwa ile sauti yake ya rekoda, "usiniaibishe mbele za watu. Nimeirithi kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake."

"Bibi! Basi waambie ni siku gani!"

"Ijumaa. Tangu enzi na enzi ni Ijumaa."

Metodi akaguna kwa raha. Profesa akavuta kitabu changu cha alama, akaandika mbili kubwa nzuri, kama anachora bata.

Nikatoka nje, nikampigia tena.

"Bibi, kwa nini umenimaliza?"

"Wanawake kumi na wawili wako hapa kwangu, Ogi, tunashona makoti ya tambiko, kama kitabu chao kilivyosema. Kesho televisheni wanakuja. Tangu babu yako afe, nani alikuwa anavuka kizingiti hiki? Wewe, mara moja kwa mwaka, kula maharage."

Nikakaa kwenye ngazi za chuo.

"Ulitaka nirudi kwa Waturuki?" akaniuliza.

Nimewadharau watu wengi kwenye stori hii. Profesa na Metodi, sifuti neno. Ila kwenye orodha niongezeeni mjukuu mmoja aliyemwona bibi yake kama kifaa cha kuchekea wasomi, asijue kwamba uongo wake ndio ulikuwa mgeni pekee aliyemtembelea yule mama mwaka mzima.

Na nyie mnaotunga, shikeni hili: ukishaupa uongo wako watu wa kukaa nao, si wako tena. Usome upya kama wengine.

Novemba iliyopita nilikwenda Kriva Livada. Sikwenda na rekoda. Bibi alinitazama juu mpaka chini, akanipa ndoo na tambara.

"Geuza koti," akasema. "Osha."

Nikaosha.

Ilikuwa Ijumaa.