Mchanga wa Dongobesh na Macho ya Mjomba

Tuliondoka Nangwa kwa sababu ya ujinga wa Mjomba Bura. Ndivyo mimi mpwa wake, mwanafunzi wa sekondari, nilivyomtangazia kila mtu. Mjomba, dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, ana kisukari. Tangu daktari amwongezee insulini, kutoka sindano moja kwa siku hadi nne, macho yamefifia. Msimamizi akasema asiyeona hapandi mashine mavuno haya. Na mimi nilishamwona mara kadhaa akimwaga dawa chini.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori la ngano kwenda hospitali ya Mbulu. Mjomba alipakata chungu cha maji chenye vichupa vya insulini, visipate joto, kama mtu aliyebeba kichanga. Mama mmoja wa Getanuwas akafundisha lori zima kwamba insulini hula macho. Alilijua hilo kwa kuwa shangazi yake aliwahi kuumwa jino. Mjomba, anayeendesha mashine kubwa kuliko nyumba yetu, akamsikiliza kwa adabu.

Dongobesh tulishuka kula. Mjomba akaenda nyuma ya lori kujichoma, akarudi haraka mno. Pale alipokuwa, mchanga ulikuwa umelowa. Nikawaambia abiria kwamba kuanzia leo mchanga wa Dongobesh umepona kisukari. Utingo alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakucheka.

Saa nane tulifika Mbulu. Shikamoo zikaisha, daktari akamtia matone, akachungulia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akaeleza kwamba sukari ya miaka mingi ikishushwa haraka, retina huweza kuyumba miezi ya mwanzo; ukishika dozi zote, mbele ya safari ndizo zinazoilinda.

“Sasa mbona unaziruka?” akauliza, akitazama kipimo cha sukari.

Nikadakia kwamba anaunywesha mchanga.

Mjomba akainamisha kichwa. “Alama za kwenye bomba la sindano sizioni, daktari. Nikizidisha nitaanguka. Nikiwa na mashaka, namwaga.”

“Na huyu kijana msomi hapa?”

“Huyu? Si umemsikia?”

Daktari akaandika barua: mavuno haya asipande kombaini, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Kesho yake, Dongobesh tena, lori lile lile. Nilichukua bomba, nikavuta dawa taratibu huku Mjomba amekunja shati. Utingo akapaza sauti, “Vipi msomi, leo mchanga hautibiwi?”

Abiria wakacheka. Nilikuwa na jibu kali la kuwamaliza wote. Nikalimeza, nikahesabu zile alama mara ya pili.