Nilifurahia uvimbe nikidhani dawa ya kukuza matiti inafanya kazi, shangazi ndiye aliyenishtua

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa kike kwa wa kiume.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na rafiki wa rafiki. Atakayesema nimetunga, kwamba hii ni chai, basi aketi anywe, nimeweka na tangawizi.

Niko Mwanza, Ilemela, kule mlimani ambako maji ya bomba yanapanda yakijisikia. Kwetu ni Muleba. Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, Nyamagana.

Kifua changu ni kidogo. Nalisema mapema ili tusizungukane.

Tena nilianza kuhangaika nacho tangu utotoni. Wale waliokulia kando ya ziwa watanielewa: kuna vidudu vyeusi vinazungukazunguka juu ya maji kama vimelewa. Wasichana tulikuwa tunavikamata, tunaviweka kwenye chuchu vitung'ate, eti maziwa yaote haraka. Msicheke. Vinauma jamani! Wenzangu yaliwaota, mimi nikabaki na alama za meno.

Basi mwaka huu nikachumbiwa. Mchumba ni Msukuma wa Magu, mtu mpole, hajawahi kulalamika kuhusu kifua changu hata siku moja. Aliyelalamika ni fundi wa gauni la send-off, sherehe ya kuniaga kwetu, pale Igogo. Alinizungushia futi kifuani, akasoma, akazungusha tena kama haamini.

"Dada, hapa tuweke sponji au tumwachie Mungu?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Nikaingia mtandaoni. Mkitaka kujua kuwa matatizo yenu yana wateja, tafuteni dawa ya kukuza matiti. Nikampata dada mmoja mwenye lugha tamu, anaweka picha za kabla na baada, hakuna anayeonekana sura. Akasema ni unga wa mizizi na mbegu, asili tupu, haina madhara kabisa, kijiko kwenye uji asubuhi na jioni.

Unga ukaja kwenye kopo lisilo na maandishi yoyote. Hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna viambato, hakuna tarehe ya kuisha muda. Mimi ambaye dukani siuzi hata swichi bila kuangalia nembo nilibandua kifuniko nikaanza kunywa.

Na wakuu, kifua kikajaa! Sidiria zikaanza kubana. Kiliuma kweli, na siku zangu zikapotea, lakini nani angejali? Nilikuwa najipongeza mbele ya kioo kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku moja nikiwa naoga nikagusa kitu kigumu titi la kushoto, kama punje ya mahindi ndani ya ngozi. Nikamuuliza yule muuzaji. Akanijibu kwa sauti ya kunibembeleza kwamba hapo ndipo dawa inapokusanyikia kabla ya kusambaa, niongeze kijiko.

Nikaongeza. Nikawa naigusa kila nikioga kuona kama imekua. Ilipokua, nikamshukuru Mungu.

Hapo ndipo shangazi alipowasili kutoka Muleba na mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna. Kwenye ukoo wetu shangazi ndiye anayemwandaa bibi harusi. Anaruhusiwa kukuuliza jambo lolote la mwili wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Huyu wangu ana nyongeza, kwani ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki nikiwa darasa la nne.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni anakoroga uji. Alikuwa ameona kopo langu, akanusa, akaamua ni viungo vya chai. Ametia vijiko viwili vya kulundika, na kikombe kinaelekea mdomoni.

"Shangazi, usinywe!"

"Kuna nini? Sumu?"

"Hapana. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Nikajifunga kanga vizuri kifuani. Akaniangalia usoni, akashuka kifuani, akalitazama kopo, akaelewa. Yule mama alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Kwa umri wangu huu yakiota nitayapeleka wapi? Si watanizika nayo mapya!"

Tukacheka wote. Kwa kuwa hakunikasirikia, nikajisahau nikamwambia na habari ya ile punje, kwa fahari kabisa, kwamba dawa imeshaanza kukusanyika.

Kicheko kikakatika.

"Nionyeshe."

Nikaanza kujizungusha. Akaniambia mficha uchi hazai, nivue. Alipogusa pale kushoto mkono wake ukasimama, akafumba macho. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia nyumbani. Siku zote nilijua mama alikufa kwa kifua, nikadhani ni mapafu. Kumbe ilikuwa titi. Alikuwa na punje kama ile, akaificha chini ya kanga kwa aibu, akaja kumwambia wifi yake, yaani shangazi huyuhuyu, ikiwa imeshakuwa kidonda.

"Vaa viatu," shangazi akasema.

Hospitali tulienda na kopo letu. Daktari, dada wa makamo asiye na haraka, hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema hajui dawa yoyote ya mitishamba iliyothibitishwa kukuza matiti. Kama kifua kinajaa ghafla na hedhi inapotea, anahofia kuna homoni humo ndani, ila bila maandishi hawezi kujua nilichokuwa nakunywa. Akanisimamishia dawa palepale. Nikapimwa mimba, hakuna. Nikapigwa ultrasound, wakachukua kinyama kwa sindano, wakasema nisubiri majibu.

Kusubiri kule, wakuu, simwombei adui.

Nilimwambia mchumba tukiwa tumekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote, unga, uvimbe, na mama. Nilishajiandaa kumpa njia ya kuondokea. Aliokota kijiti akakivunjavunja, kisha akauliza: "Sasa tarehe tunaisogeza au inabaki ileile? Mimi naona ibaki."

Nililia kama mtoto. Namshukuru mpaka leo kwa sentensi ile.

Majibu yakatoka: uvimbe si saratani. Nirudi kuangaliwa kila nitakapopangiwa, hasa kwa historia ya mama. Shangazi alipiga vigelegele koridoni mpaka nesi akaja kumtuliza, naye nesi akaishia kucheka.

Siku zangu zimerudi. Kifua nacho kimerudi kilekile cha ukoo. Fundi nilimwambia ashone gauni linifuate mimi, akapunguza pembeni, likanikaa vizuri ajabu. Sasa hivi ni mke wa mtu.

Nilichojifunza? Neno "asili" lisikutoe akili, hata tumbaku ni jani. Kama ni lazima utumie kitu cha mitishamba, kiwe kimefungwa, kimeandikwa viambato na aliyekitengeneza, kina namba ya usajili unayoweza kuihakiki, na umwonyeshe mfamasia kabla ya kijiko cha kwanza. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una dawa nyingine unazotumia, au kwenu kuna mtu aliyeugua saratani ya titi, usiguse bila daktari. Na muuzaji akikwambia uvimbe ni dalili nzuri, huyo mkimbie.

Karibuni mchangie. Wenye uzoefu semeni, wenye kunicheka ruksa, ila wauzaji msiniletee matangazo.

Na wewe dada unayesoma kimyakimya, uliyegusa kitu bafuni na hujamwambia mtu, huna haja ya kujieleza. Andika hapa chini "mimi", basi, kisha kesho asubuhi nenda hospitali. Mama yangu hakupata pa kuliandikia neno hilo.