Asante Iliyomponza Bibi

Wiki iliyopita, katika ofisi ya kata moja hapa Rungwe, bibi wa Kisondela aliyefuata barua ya kitambulisho cha taifa alikaribishwa kiti. Akapiga goti kidogo, akashukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, baba."

Ofisa, aliyehamishiwa huku majuzi, akaweka kalamu chini. "Ndaga? Hiyo nimeisikia Malawi, Karonga. Bibi, wewe ni wa huku kweli?"

"Nimezaliwa hapo bondeni, baba. Sote tunasema hivyo."

"Nenda Uhamiaji kwanza, wakuthibitishe."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikashindwa kunyamaza. "Kaka, Karonga ulifuata nini?"

"Semina," akajibu, kifua mbele. "Nchi ndogo ile, lakini inachangia amani ya kanda. Na haki za jamii ndogo wanazilinda, dada, acha mchezo."

"Na hao wa Karonga wanaosema ndaga, nao wanapelekwa Uhamiaji?"

"Wakafanye nini? Wale ni raia, wamezaliwa pale."

Hakucheka hata kidogo. Bibi akakunja karatasi zake, akatoka bila barua. Siku hizi mtumishi akijisifu kwamba amerudi na uzoefu wa nchi jirani, nauliza kwanza ameanza kumshuku nani.